Wazo la kila mtu, kazi ya nani?

Ukifanya kazi kwenye kampuni yenye vikao vingi, lazima utakutana na lile wazo zuri ambalo kila mtu anadai lilikuwa lake. Kwetu lilikuwa hili: tuache kubeba keshi kwenye magari. Lilikuwa wazo sahihi, na lilikaa miaka bila kufanyika. Nasimulia hapa jinsi lilivyokuja kufanyika, pamoja na yale tuliyolipia njiani, kwa sababu naona wenzangu wengi maofisini wako pale tulipokuwa sisi, na wanafikiri kinachowakwamisha ni kukosa ubunifu.

Kampuni yetu ni ya usambazaji, Dar es Salaam. Tunachukua sabuni, mafuta ya kula, unga wa ngano, sukari na bidhaa nyingine za dukani, tunaziweka bohari, kisha magari yanazipeleka madukani kuanzia Mbagala hadi Bunju, Gongo la Mboto, Kibaha na kuendelea. Mimi ni afisa wa madeni. Kwa lugha nyepesi, kazi yangu ni kuhakikisha kila mzigo uliotoka unarudi kama fedha.

Enzi hizo fedha zilirudi kwenye begi. Gari linatoka alfajiri na dereva, muuzaji na utingo, linapita duka kwa duka, muuzaji anapokea noti na kuandika kwenye daftari. Jioni wote wanajazana kwa keshia. Noti za elfu moja na elfu mbili zilizolowa jasho, nyingine zimechanika, zinahesabiwa na kurudiwa. Siku za mwisho wa mwezi watu walitoka pale usiku. Ikipatikana shoti, muuzaji anakatwa mshahara, hata kama kosa lilikuwa la kurudisha chenji Tandika saa mbili asubuhi huku makuli wanamsukuma. Magari yetu yamewahi kuvamiwa. Kijana wetu mmoja alipigwa nondo akavunjika mkono kwa ajili ya begi ambalo halikuwa lake.

Kwa hiyo hakuna aliyehitaji kushawishiwa. Nchi nzima tayari ilikuwa inatumiana fedha kwa simu. Keshia alilisema wazo hilo, wauzaji walilisema, mlinzi wa getini alilisema, mkurugenzi alilisema kwa Kiingereza. Lilikuwa kwenye sanduku la maoni na kwenye mpango mkakati.

Mwishoni mwa mwaka 2020 menejimenti na maofisa tulipelekwa Bagamoyo kwa siku za tafakuri. Kulikuwa na mshauri aliyelipwa vizuri, na kama ilivyo desturi ya washauri, alitupa kisa cha Kodak, ile kampuni ya Marekani ya kamera na filamu za picha. Kwamba walilala, dunia ikahamia kwenye picha za dijitali, wakafilisika. Akamalizia kwa kutuhimiza tuje na mawazo mapya, akagawa vikaratasi vya rangi tukaandika na kubandika ukutani.

Kisa chenyewe nilikuwa nakijua vizuri kidogo, na sehemu aliyoiruka ndiyo iliyonikera. Mwaka 1975 mhandisi wa Kodak, Steve Sasson, alitengeneza kamera ya dijitali ndani ya kampuni hiyohiyo. Ilikuwa kubwa na nzito, ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti, lakini ilifanya kazi. Kodak iliomba ulinzi wa kufilisika Januari 2012. Yaani walikaa na wazo ndani ya nyumba kwa zaidi ya miaka 30, na kwa muda mrefu hata hataza yake ilikuwa yao. Biashara yao ilikula kwenye filamu, na kila aliyekuwa na mamlaka ya kulisukuma wazo lile alikuwa na sababu za kweli, za mshahara na bonasi, za kutolisukuma leo. Nilitazama vile vikaratasi ukutani nikajisemea moyoni kwamba sisi tunatibiwa ugonjwa ambao hatuna.

Tulirudi Dar na jedwali. Kwenye safu ya kazi iliandikwa "Kuondoa makusanyo ya fedha taslimu." Muda: robo ya kwanza ya mwaka. Mhusika: "Idara ya Fedha kwa kushirikiana na Mauzo na TEHAMA." Tangu siku hiyo, nikipewa mpango wowote naanza kusoma safu ya mhusika kabla ya kitu kingine. Ikiwa imeandikwa idara tatu, mpango huo hauna mwenyewe. Mauzo walisubiri Fedha waje na utaratibu, Fedha walisubiri TEHAMA waje na mfumo, TEHAMA walisubiri mtu awaambie mfumo ufanye nini. Kila mwezi kwenye kikao tuliambiwa "linaendelea." Mipango si matumizi, walisema wahenga, na bado tukaendelea kunywa chai.

Si sisi tu. Serikali yenyewe iliwahi kulitambua hili waziwazi: Matokeo Makubwa Sasa, mfumo ulioigwa Malaysia na kuzinduliwa na Rais Kikwete mwaka 2013, ulijengwa juu ya hoja kwamba mipango tunayo na utekelezaji ndio unaotushinda. Walichofanya ni kuwafungia wataalamu kwenye maabara kwa wiki kadhaa, kila sekta na watu wake, mpaka kazi igawanywe kwenye vipande ambavyo mtu mmoja anaweza kuulizwa. Kila mtu ana maoni yake juu ya matokeo ya mpango ule. Ila uchambuzi wake wa tatizo, mimi siwezi kuupinga.

Robo ya kwanza ikapita. Mwenyekiti wa kamati ya mpango huo akapata kazi kwingine. Mkurugenzi wa fedha akaniita: "Dada, wewe ndiye unayeteseka na madeni kila siku. Hili lishike wewe." Wenzangu wengi wakiambiwa hivyo hufurahi, huona wamepandishwa. Mimi nilimwomba siku ya kufikiri, kisha nikamrudishia barua pepe fupi nikitaka mambo matatu kwa maandishi: kwamba jina langu pekee ndilo lililo kwenye safu ya mhusika, kwamba nina kiasi kidogo cha fedha ninachoweza kutumia bila kupitia kamati, na kwamba ninaweza kubadilisha utaratibu kwenye njia moja ya magari bila kuomba ruhusa kwa kila hatua. La tatu lilileta ubishi na Mauzo. Nikaambiwa nitapata, lakini mwanzoni bila gari la Kariakoo. Sawa. Kama hujawahi kudai haya kabla ya kukubali kazi, dai. Baada ya kukubali hakuna atakayekupa.

Nikachagua njia ya Kilwa Road: Mbagala, Kongowe, hadi Mkuranga. Na kabla ya kuandika chochote nikapanda gari.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wazo zuri lilikuwa halitembei. Nilikuwa nimeona keshi kama fedha za mauzo zinazosafiri. Kumbe keshi ile ilikuwa inaendesha gari. Mzigo ukifika dukani, makuli wa pale wanashusha, na wanalipwa palepale, mkononi. Tairi likipasuka Rangi Tatu, pancha inalipwa kutoka kwenye begi. Maegesho, chai ya asubuhi ya watu watatu, faini ya barabarani, yote begi. Muuzaji anaandika kwenye karatasi, jioni keshia anatoa. Ofisini tulikuwa tunaziona kama "makato ya njiani," mstari mmoja kwenye taarifa. Kama tungetekeleza lile wazo kama lilivyoandikwa Bagamoyo, Jumatatu ya kwanza gari lingesimama mbele ya duka la kwanza likiwa limejaa sukari, na hakuna mtu wa kuishusha.

Dereva wetu wa njia ile ni mtu mzima, sote tunamwita Babu. Alinisikiliza nikimweleza mradi, akauliza swali moja: "Mwanangu, hao makuli nao watalipwa kwa lipa namba?" Yaani ile namba ya biashara ya kupokea malipo kwa simu. Kwenye vikao vyote vya mwaka ule hakuna aliyeuliza hivyo, na sababu ni rahisi: Babu hakualikwa kwenye kikao hata kimoja.

Mengine niliyoyaona siku zile:

Gari linafika kwa Mangi, yaani mwenye duka la mtaani, saa moja au saa mbili asubuhi. Aliyepo dukani ni kijana wa kuuza tu. Fedha za jana zipo kwenye droo, noti, lakini laini ya simu yenye jina la biashara iko kwa mwenye duka, na mwenye duka yuko Kariakoo au amelala. Ili alipe kwa simu, kijana aende kwa wakala kuweka. Wakala hajafungua. Au amefungua, hana floti, yaani salio lake la kwenye simu, ya kutosha kwa mzigo wa mtu mmoja. Kijana anazunguka mawakala wawili, watatu, gari limesimama, foleni ya Mbagala inazidi kukua. Ndiyo maana muuzaji akiona noti anazichukua. Ungekuwa wewe ungezichukua.

Nilirudi ofisini nikaandika ukurasa mmoja. Hakukuwa na neno "mkakati" ndani yake. Kulikuwa na orodha ya nani anafanya nini saa ngapi, na mstari wa mwisho: ikishindikana, anapigiwa nani.

Tukaanza na makuli. Muuzaji wa njia ile akapewa fedha ndogo za safari kila asubuhi, kiasi kisichobadilika, anasaini, jioni anarudisha karatasi na chenji. Inaonekana jambo dogo. Lilichukua muda mrefu kuliko kupata lipa namba, kwa sababu mkaguzi wa ndani aliona tunafungua mlango mpya wa wizi, na kwa haki alikuwa na hoja. Tulimaliza kwa kukubaliana kiwango cha kila duka kulingana na idadi ya mifuko, kiwango ambacho makuli wenyewe walikuwa wanakijua siku zote. Sisi ndio tulikuwa hatujawahi kukiandika.

Kisha lipa namba. Mtu wa TEHAMA alipendekeza moja kwa kampuni nzima, ni nadhifu. Wiki ya kwanza ikatuonyesha unadhifu ule unagharimu nini. Fedha zinaingia, tunaona kiasi na jina la mtu, lakini jina ni la mke wa mwenye duka, au la shemeji yake, na ankara ina jina la duka. Mimi na msaidizi wangu tukawa tunapiga simu Mbagala nzima kuuliza "Mama, samahani, hii laki nne na elfu themanini ni yako?" Huku gari limesimama linasubiri tuthibitishe. Tukabadilisha: kila gari namba yake, na muuzaji anatuma namba ya ankara kwenye kundi la WhatsApp kabla ya kushusha. Mfumo wetu wa hesabu haukuwa na sehemu ya kuweka kumbukumbu ya muamala. Mwenye programu alitaka malipo makubwa kuiongeza. Tukatumia jedwali la kawaida la kompyuta kwa miezi, na mpaka leo naamini ilikuwa heri, kwa sababu tulibadilisha safu zake mara nyingi kabla ya kujua tunataka nini hasa. Kama tungelipa mapema, tungelipia makosa yetu yatengenezwe vizuri.

Halafu zikaja meseji za kughushi. Mteja anaonyesha simu: muamala umekamilika, kiasi sahihi, hata salio liko pale. Muuzaji anashusha. Jioni hakuna fedha. Hili lilitupata, likatuuma, na mzigo ule hatukuwahi kulipwa wote. Kanuni tuliyoweka ni kwamba simu ya mteja haisomwi kabisa. Kinachosomwa ni uthibitisho wa ofisini. Ili kanuni hiyo iwezekane, lazima awepo mtu ofisini kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi ambaye kazi yake pekee ni kuthibitisha. Nilikuwa mimi kwa muda mrefu, maana hakuna aliyekuwa tayari kupangiwa zamu hiyo. Watoto wangu walizoea kupelekwa shule na dada wa kazi. Sisemi kwa kutaka kuonewa huruma, ni gharama, na kwenye bajeti ya mradi haikuandikwa popote. Ukipanga mradi, uliza saa za asubuhi za nani zitaliwa.

Tulipoanza kuona afadhali, Julai 2021 ikaingia tozo ya miamala ya simu, kwenye kutuma na kutoa fedha, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kulingana na kiasi. Sitasahau ile wiki. Wateja wa kawaida wakaanza kuogopa kuweka fedha kwenye simu, wakawa wanalipa dukani kwa noti, na wenye maduka hawakutaka kusikia neno simu. Ukimweleza mtu kwamba kulipa kwetu hakumkati yeye hivyo, anakuangalia kama mtoza ushuru. Malipo ya njia ya Kilwa Road yakarudi kwenye noti karibu yote. Septemba tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, lakini hofu haikupungua kwa asilimia 30.

Kwenye kikao cha Agosti mkuu wa Mauzo alisema mradi umekufa, na kwamba tangu mwanzo wazo lilikuwa na kasoro. Hapo nilikasirika, nakiri sauti ilipanda. Wazo lilikuwa vilevile kama lilivyokuwa alipolishangilia Bagamoyo. Kilichobadilika ni mazingira, na hilo ndilo linalotokea kwa kila kitu kinachotoka kwenye karatasi. Niliomba mwezi mmoja. Nikapewa kwa shingo upande.

Kilichotuokoa kilitoka kwa mama mmoja mwenye duka la jumla Kongowe. Alinieleza kwamba yeye jioni hana shida ya kuweka fedha, shida ni asubuhi. Nikaenda kukaa kwa wakala jirani yake nione. Jioni watu wanatoka kazini, wanatoa fedha za mboga na nauli ya kesho. Kila anayetoa anamwongezea wakala floti na kumpunguzia noti. Ikifika saa moja usiku wakala ana floti tele na droo tupu, na mwenye duka akitokea na mkoba wa noti anapokelewa kama mgeni wa heshima. Asubuhi hali ni kinyume. Sisi tulikuwa tunadai fedha saa ambayo mtaa hauna uwezo wa kuzibadilisha.

Tukahamisha saa. Mwenye duka anapokea simu ya oda alasiri, analipa jioni, kwa lipa namba au kwa wakala wa benki ambako tozo ile ya simu haikumgusa. Usiku ankara inapangwa, asubuhi gari linakuja kushusha tu. Asiyelipa jioni gari linampita, anarudi kwenye orodha ya kesho. Wiki mbili za kwanza tulikimbiwa na wateja waliokasirika, na washindani wetu waliuza pale kwa noti wakicheka. Baadaye wengi walirudi, kwa sababu gari letu lilianza kufika mapema na kijana wa dukani hakulazimika tena kuacha duka kumtafuta wakala.

Kipindi kile nilisoma sana historia ya M-Pesa, usiku, nikitafuta mtu aliyekwisha kupita njia hii. Tumezoea kuisimulia kama wazo la kipaji. Lakini wazo la fedha kwenye simu halikuanzia Nairobi. Ufilipino walikuwa na Smart Money na baadaye GCash kabla yake. Na majaribio ya Kenya yaliyoanza Oktoba 2005, yakiongozwa na Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone pamoja na Safaricom na taasisi ya mikopo ya Faulu, yalilenga watu warejeshe mikopo midogo. Watu wa majaribio wakawa wanatumiana fedha wao kwa wao, wanalipana, wanaitumia kwa mambo ambayo waandaaji hawakuyapanga, huku upande wa mikopo na vikundi ukiwa mgumu kulinganisha hesabu. Walipozindua Machi 2007 walikuwa wamebadilisha lengo: tuma fedha nyumbani. Nilichokitafuta zaidi ni mambo ya mawakala, na nikakuta nao walihangaika na yaleyale: duka lina noti lakini halina floti, au lina floti halina noti, karani hajafundishwa vizuri, mteja amesahau namba ya siri. Nilifarijika kuliko nilivyofarijika na mshauri wa Bagamoyo. Hapa Tanzania huduma ilianza 2008 ikiwa na wazo lilelile na jina lilelile, na haikushika kwa kasi ya Kenya miaka ile ya mwanzo. Mtandao wa mawakala ulihitaji kujengwa upya, mtaa kwa mtaa.

Sehemu ngumu kuliko zote haikuwa barabarani. Ilikuwa kamisheni. Wauzaji wetu walilipwa kwa mzigo uliotoka kwenye gari. Kwenye utaratibu mpya, asiyelipa jioni hapati mzigo, maana yake muuzaji anauza kidogo ili mimi nipate fedha kwa wakati. Kila nilipoleta takwimu nzuri za makusanyo, kuna kijana alikuwa anapoteza kodi ya nyumba. Walipoanza kuwaambia wateja "lipeni tu keshi, nitasema mtandao ulikuwa chini," ofisini wengine walitaka wafukuzwe. Mimi nilikataa. Huwezi kumlipa mtu kwa jambo moja ukamtaka afanye lingine. Ilinichukua muda mrefu kushawishi Rasilimali Watu na Mauzo wahamishie sehemu ya kamisheni kwenye fedha zilizothibitishwa kuingia. Rafiki yangu wa karibu kwenye idara ya Mauzo aliona nimemwingilia kazi yake. Tulikuwa tunakula mchana pamoja. Sasa tunasalimiana kwa sababu ya malezi. Hilo sijalipatia dawa.

Ukiwa na mradi kama huu, ushauri wangu ni kwamba fungua mfumo wa malipo ya watu kabla hujafungua kompyuta. Tafuta nani anapoteza nini siku ya kwanza. Ukikuta mtu anapoteza na hakuna anayemfidia, huyo atauua mradi wako kwa adabu kabisa, na atakuwa na sababu.

Jambo lingine: usitangaze mapema. Mkurugenzi alipoona njia moja imetulia alitaka tufanye uzinduzi, fulana na keki. Tuliomba tuongeze njia nyingine mbili kwanza, Gongo la Mboto na Kimara. Gongo la Mboto ikatuonyesha kwamba maduka yanayokopeshana bidhaa hayawezi kulipa kila jioni, yanahitaji siku mbili za wiki. Kama tungekuwa tumeshakata keki, hakuna ambaye angekuwa na ujasiri wa kusema hivyo.

Mwishoni mwa 2022 magari mengi ya Dar yalikuwa yanarudi na begi lenye karatasi za makuli na chenji. Foleni ya keshia ikaisha. Kwenye hafla ya mwaka, aliyepewa zawadi ya ubunifu ni yule aliyebandika kikaratasi Bagamoyo. Watu walinigeukia kuona uso wangu. Sitasema uongo, iliniuma. Msaidizi wangu alitaka niandike malalamiko. Nilichoomba badala yake, nikapewa, ni zamu ya alfajiri iwe nafasi ya ajira kamili yenye mtu wake na posho ya usafiri. Sasa nawapeleka watoto shule mwenyewe.

Njia ya Chalinze bado ni keshi. Kule gari linalala njiani, maduka yanauza sana siku za mnada, na siku hizo wakala anaishiwa floti kabla ya jua kupanda. Ile hila ya jioni haifanyi kazi kwa sababu jioni ya mnada watu wanaweka fedha, hawatoi. Tunajaribu muuzaji aweke mwenyewe kwa wakala wa benki katikati ya safari badala ya kusafiri na begi hadi Dar, ila kikomo cha wakala kwa siku hakitoshi mauzo ya gari zima, kwa hiyo itabidi agawanye kwa mawakala wawili walio mbalimbali, na watu wa bima wanataka kujua nani anabeba dhamana kati ya wakala wa kwanza na wa pili. Mkuu wa Mauzo ameomba tusianze hadi baada ya Ramadhani, maana ndipo mafuta, sukari na unga vinapotoka kwa wingi. Nimekubaliana naye, na Babu nimeshamwomba aje kwenye kikao.